Simu Inajua Jibu. Je, Mwanao Anajua?

"Mama, nimemaliza hesabu zote!"

Ilikuwa saa moja na nusu jioni, nyumbani kwetu Shinyanga. Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka zamu, sijavua hata viatu. Binti yangu wa kidato cha tatu alikuwa amepewa maswali kumi ya milinganyo, naye aliyamaliza kabla ugali haujaiva. Nilifungua daftari lake nikatazama. Mwandiko safi, hatua zote zimepangwa, na majibu yamepigiwa mstari. Nilimshukuru Mungu moyoni, nikajisemea kwamba mtoto huyu atafika mbali kuliko mama yake.

Wiki mbili baadaye alileta karatasi ya jaribio la darasani. Alikuwa amepata 14 kwa 100.

Nilidhani mwalimu amekosea kusahihisha. Nilimwita binti, nikamkalisha, nikamwuliza kwa upole. Alinyamaza muda mrefu, kisha machozi yakamtoka. Alikuwa akichukua simu yangu ninapoingia jikoni, anapiga picha ya swali, na programu iliyomo ndani ya simu inamwandikia jibu pamoja na hatua zake zote. Kazi yake ilikuwa kunakili tu. Katika chumba cha mtihani simu haikuwepo, na hapo ndipo ukweli ulipoonekana.

Wapendwa akina mama, huenda jambo hili limo nyumbani mwako pia, nawe hujalijua. Siku ile nilitaka kuifungia simu kabatini moja kwa moja. Lakini nilipotulia nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe niliwahi kufanya kosa la namna hiyo hiyo, tena si kwenye daftari, bali kwenye kitanda cha mgonjwa.

Kosa la nukta moja

Nilikuwa bado mgeni kazini. Mtoto mchanga wa miezi minane aliletwa akiwa na homa kali, uzito wake kilo 8.0. Dawa ya homa, parasetamo, hupimwa kwa uzito. Nilitakiwa kumpa miligramu 15 kwa kila kilo moja. Chupa iliandikwa kwamba mililita 5 za dawa zina miligramu 120. Nilichukua kikokotoo, au kalkuleta kama tulivyozoea kuiita, nikabonyeza haraka haraka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Kalkuleta ikanijibu: mililita 50.

Nilishika chupa, nikaanza kupima. Sista wa zamu, mama mtu mzima aliyenitangulia kazini miaka mingi, alinishika mkono. Akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, mtoto wa kilo nane utamnywesha nusu chupa?"

Nilirudia hesabu. Kilo 8 mara 15 ni miligramu 120, yaani mililita 5 tu, kijiko kimoja cha dawa. Nilipobonyeza 8.0 nukta haikuingia, mashine ikasoma 80. Mashine haikukosea hata kidogo. Ilipiga hesabu ya mtu wa kilo 80, nayo ilikuwa sahihi. Aliyekosea ni mimi, kwa kuwa sikuwa nimejiuliza kwanza jibu linapaswa kuwa kubwa kiasi gani.

Sista yule hakuwa na kalkuleta mkononi. Alikuwa na kitu kingine kichwani: makadirio. Alijua, kabla ya hesabu yoyote, kwamba mtoto mchanga hawezi kunywa nusu chupa. Tangu siku ile nina kanuni moja ambayo sijaiacha: kadiria kwanza, bonyeza baadaye. Na usiku ule nilipokuwa namtazama binti yangu analia, niliona kwamba kanuni hiyo ndiyo aliyoikosa.

Tulikotoka na tulipo

Wengi wetu tuliosoma sekondari katika miaka ya 1990 tunakumbuka kile kitabu chembamba cha majedwali, "logi" kama tulivyokiita. Kalkuleta hatukuruhusiwa kuingia nayo katika mtihani wa hisabati wa kidato cha nne. Ukitaka kuzidisha namba kubwa, unatafuta logi zake kitabuni, unazijumlisha, kisha unarudi kitabuni kutafuta jibu. Kitabu kile nacho kilikuwa chombo cha kurahisisha kazi, ila kilikulazimisha kufikiri. Hakikukwambia nukta ya desimali inakaa wapi. Hiyo ilibidi uijue mwenyewe.

Leo vyombo vimebadilika, lakini hofu ya hisabati imebaki pale pale. Katika mtihani wa Taifa wa kidato cha nne wa mwaka 2023, na tena katika ule wa mwaka 2024, waliofaulu hisabati walikuwa karibu robo tu ya watahiniwa. Maana yake ni kwamba katika kila watoto wanne waliokaa mtihani, takriban watatu walishindwa. Tena alama za kufaulu si kubwa. Zinaanzia 30 kwa 100.

Sababu ni nyingi nasi tunazijua. Madarasa yamejaa. Walimu wa hisabati ni wachache. Mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili shule ya msingi anafika kidato cha kwanza na kukuta hesabu zote zimeandikwa kwa Kiingereza, hata yale aliyoyajua anayaona mageni. Ndiyo maana watu wengi wanaweka matumaini yao katika kompyuta, simu na vishikwambi. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, Serikali iliamua kwamba vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu vipelekwe kwa walimu, na vikaanza kugawiwa mwaka huo huo. Chombo kilichopita mlangoni kwako kuuliza mnalala wangapi ndani, huenda sasa kiko mkononi mwa mwalimu wa mwanao.

Je, vyombo hivi vinasaidia? Jibu langu ni ndiyo, lakini si kwa namna aliyovitumia binti yangu.

Mstari unaopanda na kushuka

Kijana mmoja wa kanisani kwetu, mwalimu wa hisabati, ndiye aliyenifungua macho. Nilimsimulia habari ya simu na alama 14. Hakucheka. Aliomba nimlete binti siku ya Jumamosi, naye akaja na kishikwambi chake.

Ndani yake aliweka programu iitwayo GeoGebra. Ilibuniwa na Markus Hohenwarter alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Salzburg, Austria, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Haiuzwi, shule yoyote inaweza kuitumia bure, na ukishaiweka kwenye simu au kishikwambi, inafanya kazi hata mahali pasipo na intaneti. Kazi yake si kukupa jibu tu. Unaandika mlinganyo, nayo inakuchorea mstari wake. Ukibadilisha namba moja, unauona mstari unasogea mbele ya macho yako.

Mwalimu alijua kwamba mimi ni muuguzi, akatumia dripu kama mfano. Alimwambia binti: "Chupa ya maji ya mama yako ina mililita 1000. Kila saa zinatoka mililita 125. Baada ya saa mbili zimebaki ngapi? Usiguse chochote. Sema kwanza."

Binti akafikiri, akasema 750.

"Itakwisha lini?"

Akahesabu kwa vidole, akajibu baada ya saa 8.

Ndipo akamwachia aandike: y = 1000 − 125x. Mstari ukatokea, unaanzia juu penye 1000, unateremka, na kugusa chini kabisa penye 8. Mwalimu akamwambia aongeze mwendo wa dripu, atoe 250 kwa saa badala ya 125. Mstari ukateremka wima zaidi, ukagusa chini penye 4. Binti yangu alitazama kioo kile, kisha akanitazama mimi. "Kumbe mteremko ni dripu kwenda haraka!" alisema.

Miaka miwili alikuwa amekariri neno hilo la mteremko kwa Kiingereza bila kujua ni kitu gani. Jumamosi ile alilielewa kwa muda usiozidi nusu saa. Lakini tazameni vizuri jinsi ilivyokuwa. Alikadiria kwanza. Kisha chombo kikamwonyesha kama yuko sawa. Mwisho alitakiwa kueleza kwa maneno yake na kuchora kwa mkono katika daftari. Simu ile ile iliyomfanya mvivu ingeweza kumfundisha, kama kungekuwa na mtu wa kumwuliza maswali kabla hajaigusa.

Na hata mtu huyo si lazima awe mtaalamu. Kati ya mwaka 2017 na 2019 watoto wa vijiji takriban 170 vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, katika shindano la kimataifa lililoitwa XPRIZE. Hao hawakuwa wa sekondari. Wengi wao hawakuwa wakienda shule kabisa. Vyombo vilichajiwa kwa umeme wa jua, na watoto walijifunza bila mwalimu wa darasani. Hata hivyo, vijijini humo waliteuliwa akina mama wa kusimamia vyombo hivyo na kuhakikisha vinachajiwa. Hata mradi uliokusudiwa kufanya kazi bila mwalimu haukuweza kufanya kazi bila mama.

Hesabu za ukanda wa dhahabu

Huku kwetu, kutoka Kahama na Bulyanhulu hadi Geita, Mgusu, Rwamgasa na Nyarugusu, mtoto akiona hisabati ni ngumu ana mahali pa kukimbilia. Mvulana anashuka duarani. Msichana anakwenda kwenye karasha na mialo, au anauza chakula kwa wachimbaji. Fedha inaonekana haraka, na daftari linasahauliwa. Mtoto anayeacha shule mara nyingi ameanza kuacha hisabati muda mrefu kabla ya siku hiyo, bila sisi kugundua.

Nasi tusimdanganye kwamba huko mgodini hakuna hesabu. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na dhahabu hupimwa kwa mizani za kisasa na kupimwa usafi wake. Tuseme mama ana gramu 2.35, na kipimo kinasema usafi ni asilimia 80. Dhahabu halisi ni 2.35 mara 0.8, yaani gramu 1.88. Kama bei, kwa mfano tu, ni shilingi 200,000 kwa gramu, anastahili shilingi 376,000 kabla ya makato. Asiyejua desimali atapokea chochote anachopewa na mtu anayekutana naye njiani kabla hajafika sokoni, na atashukuru.

Hesabu hii pia ina makadirio yake. Gramu mbili na kidogo, toa sehemu moja katika tano, inabaki karibu gramu 2. Mara 200,000, iwe karibu 400,000. Mama anayeweza kufikiri hivyo kichwani hawezi kupewa 200,000 akanyamaza, hata kama hana kalkuleta.

Wasichana wetu na simu

Sasa niseme neno ambalo kama muuguzi siwezi kuliacha. Kliniki ya wajawazito ninawaona mabinti ambao mwaka jana walikuwa wamevaa sare za shule. Mara kadhaa, ninapoongea nao taratibu, habari inaanza na simu. Mtu mzima mwenye fedha za mgodini alimpa msichana simu ya zawadi, baada ya simu ikaja vocha, na baada ya vocha yakaja mengine.

Kwa sababu hiyo wazazi wengi huwanyima mabinti simu kabisa, huku kaka zao wanaachiwa. Matokeo yake kaka anatazama masomo ya video jioni, dada anaosha vyombo. Kisha tunasema wasichana hawawezi hisabati! Hapana, mama. Msichana aliyepewa nafasi sawa nyumbani hana pia sababu ya kutamani simu ya mtu wa nje.

Kwetu tuliamua hivi. Simu ya masomo ni ya nyumba, si ya mtoto. Inatumika mezani, mbele ya watu, kwa saa moja. Kaka na dada wanapokezana kwa zamu, na vyombo vinaoshwa kwa zamu vile vile. Mume wangu mwanzoni aliguna kuona mtoto wa kiume ameshika sufuria, lakini alipoona karatasi za mitihani hakuguna tena. Shuleni simu haiendi, kwa maana shule imekataza na sisi tunaheshimu.

Mama asiyejua hisabati afanye nini?

Wengi mtasema, "Mimi niliishia darasa la saba, nitamsaidiaje mtoto wa sekondari?" Mnaweza. Haya ndiyo tuliyojaribu, nyumbani na katika kundi la Jumamosi linalokutana sasa kwenye ukumbi wa kanisa letu, watoto kama kumi na wanne na kishikwambi kimoja.

1. Mwulize jibu kabla ya kubonyeza. "Unadhani itakuwa kubwa au ndogo? Karibu na ngapi?" Swali hili halihitaji mama ajue jibu. Linahitaji mtoto afikiri.

2. Mwambie akueleze kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma kama bibi yuko karibu. Kitu ambacho mtoto hawezi kumweleza bibi yake, bado hajakielewa.

3. Ukiona kazi imekamilika haraka mno na safi mno, chagua swali moja, ficha daftari, mwambie alifanye upya mbele yako kwenye karatasi tupu. Usimgombeze akishindwa. Umegundua mapema kuliko nilivyogundua mimi.

4. Programu ya kupiga picha swali isitumike mpaka mtoto awe amejaribu mwenyewe. Akishaandika jibu lake, aitumie kutafuta mahali alipokosea. Hapo inakuwa msahihishaji, si mtu wa kunakiliwa.

5. Okoa bando. Yako masomo ya Kitanzania yanayofuata mtaala wetu, kama ya Shule Direct, iliyoanzishwa mwaka 2013, na vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Pakua mara moja mahali penye mtandao mzuri, watoto wasome nyumbani. Kwa wadogo zao wa shule ya msingi, katuni za Ubongo Kids, zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2014, zinafundisha hesabu kwa hadithi na nyimbo.

6. Kama hakuna simu nyumbani, msikate tamaa. Kalkuleta ya kawaida, mizani ya duka, debe la mahindi na rula vinatosha kuanzia. Watoto wanne wanaweza kutumia chombo kimoja, mmoja akishika, mmoja akiandika, wawili wakikadiria, kisha wabadilishane.

7. Nenda shuleni. Mwulize mwalimu wa hisabati kama anatumia kishikwambi chake darasani, na kama kuna kinachomzuia. Pengine tatizo ni chaja, au umeme, au chumba kisichofungwa. Mambo hayo kikao cha wazazi kinaweza kuyasaidia.

Alama 38

Mtapenda kujua binti yangu aliishia wapi. Mwisho wa mwaka alipata 38. Najua si alama ya kupigiwa vigelegele. Lakini ni alama ya kufaulu, na kila moja kati ya hizo 38 ni yake mwenyewe. Daftari lake sasa lina makosa mengi na mistari iliyofutwa, nami nikiliona hivyo nafurahi kuliko nilivyofurahia lile la zamani lililokuwa safi.

Anataka kuwa muuguzi. Nilimweleza kwamba chuo cha uuguzi kitamtaka afaulu biolojia, kemia na fizikia, na kwamba hisabati imejificha ndani ya yote hayo. Nilimsimulia pia habari ya mililita 50, ambayo sikuwahi kumwambia mtu yeyote nyumbani. Alinisikiliza kimya, halafu akauliza, "Mama, na kama Sista yule asingekuwepo?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba siku moja yeye atakuwa peke yake zamu ya usiku, kalkuleta mkononi na mtoto wa mtu mwingine mikononi mwake. Siku hiyo Sista atakuwa ndani ya kichwa chake mwenyewe, au hatakuwepo kabisa.

Wapendwa, tusiwanyime watoto wetu vyombo vya siku hizi, na tusiwaachie vyombo hivyo viwalee. Jioni ya leo, mwanao akifungua daftari la hesabu, vuta kiti ukae karibu naye. Mwulize, "Unadhani itakuwa ngapi?" Kisha subiri, hata akichelewa kujibu.